Fundi wa Maji Moto

Fundi huyu hupiga mluzi akipanda ngazi, na hunyamaza akigusa waya. Hufuta mikono kwa suruali kabla ya kushika ukuta wa mtu. Nilimwita kwa sababu maji ya bafu yalikuwa baridi tangu tumzike mama watoto, na Nyeri mwezi wa saba si mchezo. Akafungua hita, akaipuliza, akaigombeza: “Wewe, guka amekukosea nini?” Guka, yaani babu, ndiye mimi. Kisha akashuka, akatoka nje ya mlango, akabonyeza swichi nyekundu. Maji yakatoka na mvuke.

“Kwani hii huwashwa na nani, guka?”

“Yule tulimzika,” nikasema. “Mimi nilikuwa naingia tu, nakuta moto.”

Hakucheka. Akaizima, akashika kidole changu, akakiweka juu ya swichi. “Washa wewe sasa, nikuone.”