Swali la Kumi na Nne

Kwa miaka kumi na tisa Arlette Vandehey alilipwa kusoma maneno ya watu wengine kwa sauti isiyo na rangi. Alikuwa mpiga simu wa kampuni moja ya kura za maoni mjini Appleton, jimbo la Wisconsin. Kazi yake ilikuwa kuwauliza wananchi wanamtaka nani awe gavana, wanaonaje kodi, barabara na shule, na wanawapenda kiasi gani wanasiasa ambao yeye binafsi asingewapa hata kikombe cha maji. Alichosema mtu ndicho alichokiandika. Mtu akimgeuzia, "Na wewe mama, unaonaje?" alijibu, "Naomba nikusomee swali tena," kisha akalisoma tena neno kwa neno.

Alijivunia hilo, tena kupita kiasi. Wenzake walikuwa wakikohoa kidogo mtu akitaja chama wasichokipenda, au wakisema "vizuri sana" wakipata jibu walilolitaka. Arlette aliwaona wachafu, kama wapishi wasionawa mikono. Merle Stojanovich, aliyeketi kiti cha pili kutoka kwake, alimwita Sista.

"Sista, unakula lini? Au kanuni haziruhusu?"

"Piga simu, Merle. Mdomo wako unalipwa kwa saa."

Simuni hakuwa Arlette. Kampuni iliwapa wote majina ya kazi, majina mepesi yasiyozua maswali, na yeye kwa miaka yote hiyo alikuwa Ann Miller. Walianza saa kumi jioni, watu wakirudi makwao, na kumaliza saa tatu. Jumapili ambayo Packers, timu ya mpira wa Kimarekani ya jimbo lile, walicheza, chumba hakikufunguliwa kabisa hadi mechi iishe. Katika Wisconsin nzima hakuna mwenye akili timamu anayepokea simu timu ikiwa uwanjani, na maoni ya wasio na akili timamu mteja hakuyalipia.

Jumapili hizo, baada ya kanisa, Arlette alikwenda Willow Bend kumwona mdogo wake. Duane alikuwa na miaka hamsini na minane na akili ya mtoto wa miaka minne. Alikuwa ameishi kwenye makao yale ya serikali ya jimbo kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kukunja taulo, na alizikunja vizuri kuliko hoteli yoyote. Aliyemwogesha, kumlisha na kumtuliza akipandwa na hofu alikuwa Ray Brusky, mtu mnene, mpole, mwenye mabega ya mbeba magogo, ambaye Duane alimfuata nyuma kutwa nzima. Arlette na Ray walitaniana kila Jumapili. Mama wa Arlette na Duane alipokuwa anakata roho alimwachia Arlette neno moja tu: Duane asihamishwehamishwe. Duane akihamishwa haelewi, na asipoelewa haachi kupiga kelele.

Basi mwaka ule, Oktoba, wagombea wawili wa ugavana wakitukanana kwenye televisheni kila baada ya dakika tano, karatasi mpya ya maswali ikaingia kazini. Arlette aliisoma yote kabla ya kuanza, kama ilivyokuwa desturi yake. Alipofika swali la kumi na nne alirudi nyuma akalisoma upya.

"Baadhi ya watu wanasema serikali ya jimbo iache kumwaga kodi za wananchi kwenye majengo chakavu wanamofungiwa watu wenye ulemavu wa akili, na badala yake iwapatie maisha huru katika nyumba za kisasa mitaani. Je, unaunga mkono sana, unaunga mkono kiasi, unapinga kiasi, au unapinga sana?"

Majengo hayo jimbo zima yalikuwa machache, na moja lao lilikuwa Willow Bend. Nyumba za kisasa mitaani hazikuwepo. Arlette alijua, kwa sababu alikwisha kuzitafuta mwenyewe mwaka ambao tetesi za kufunga zilianza. Alikuta vyumba viwili huku, kimoja kule, na wafanyakazi wanaobadilika kila mwezi. Akachukua karatasi ile hadi kwa Trent Ostrander, msimamizi wa zamu, aliyekuwa akitafuna vipande vya jibini mbichi kutoka kwenye mfuko.

"Hili si swali," alisema. "Hii ni hotuba, kisha mwisho wake wamebandika alama ya kuuliza."

"Dada Arlette, mteja ndiye aliyeliandika."

"Mteja nani?"

"Unajua sisemi. Anataka kujua gavana mpya akiyafunga hayo majengo atalaumiwa au atapigiwa makofi. Basi." Trent alijifuta vidole. "Una neno nayo?"

"Ndugu yangu anaishi mle."

Trent aliacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchukiza Arlette zaidi. "Pole. Kama hutaki, nenda nyumbani wiki hii, nitamweka mwingine asome. Lakini litasomwa."

Afadhali angekwenda nyumbani. Alijiambia hivyo baadaye mara nyingi. Siku ile alijiambia kwamba wengine wangelisoma kwa madoido na yeye angalau angelisoma kwa haki, akavaa hedifoni akaketi. Ni ujinga wa aina yake, kuamini kwamba sumu ukiimimina bila kumwaga nje basi umefanya kazi safi.

Kila simu ilianza na swali la kuchuja. Una uwezekano gani wa kupiga kura Novemba hii: hakika, karibu hakika, nusu kwa nusu, au sidhani? Wa majibu mawili ya kwanza alihesabika kuwa mpiga kura mtarajiwa, akaendelea. Waliobaki kompyuta iliwafungia mlango, na mpiga simu alibakiwa na kushukuru na kukata. Mteja hakutaka maoni ya mtu asiyekwenda kituoni.

Na kila mtu alikuwa hakika. Walisema hakika watu ambao hawajaonekana kituoni tangu ndoa yao ya kwanza. Bwana mmoja wa Waukesha alisema hakika, kisha akauliza uchaguzi ni mwezi gani. Mama mmoja wa Sheboygan alisikiliza swali la kumi na nne huku anakaanga kitu, akasema, "Kisasa ni kizuri, siyo? Weka sana."

Kisha akaongeza, "Lakini wanahamia wapi hasa?"

"Naweza kukusomea swali tena," Arlette alisema.

"Ah, hapana, usijisumbue. Sana."

Akaweka sana. Siku ya tatu mikono yake ilikuwa ikiandika sana yenyewe, na alikuwa akienda chooni kunawa bila kuwa ameshika kitu.

Siku ya nne, saa kumi na mbili jioni, kompyuta ilimletea jina kutoka daftari la wapiga kura: Raymond Brusky. Kanuni ilisema ukimfahamu mtu unainua mkono, anachukuliwa na mwenzako. Arlette hakuinua mkono. Mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alivunja kanuni, kwa sababu alitamani mno kusikia jibu la mtu mmoja anayejua.

"Habari ya jioni, jina langu ni Ann Miller," alisema kwa ile sauti ya kazini, ambayo Ray hakuwahi kuisikia. "Tunafanya utafiti mfupi kuhusu mambo ya jimbo letu."

"Mambo ya jimbo? Haya, niulize, mama. Yapo ya kusema." Nyuma yake televisheni ilikuwa inaunguruma. "Au unauza kitu? Maana kama ni madirisha sinunui."

"Siuzi kitu, bwana. Una uwezekano gani wa kupiga kura Novemba hii? Hakika, karibu hakika, nusu kwa nusu, au sidhani?"

Ray alifikiri. Alifikiri kweli, na huo ulikuwa msiba wake. "Nikudanganye ya nini? Nusu kwa nusu. Jumanne hiyo ya uchaguzi nimepangiwa zamu mbili mfululizo, hatuna watu. Nikipata wa kunishikia, nakwenda. Nikikosa, siwezi kuwaacha. Nani atawabadilisha nguo?"

Kidole cha Arlette kilikuwa juu ya kitufe. Karibu hakika ilikuwa jirani kabisa na nusu kwa nusu. Merle angeibonyeza bila hata kupunguza kutafuna. Trent asingejua. Ray angeendelea, angefika la kumi na nne, na angelipasua swali lile vipande vipande huku Ann Miller akiandika. Lakini alikuwa amesema nusu kwa nusu. Arlette akabonyeza nusu kwa nusu.

"Asante sana kwa muda wako. Hayo ndiyo maswali yote niliyokuwa nayo kwa leo."

"Ndiyo basi? Mbona hukuniuliza kitu?"

"Asante, bwana. Jioni njema."

"Mama, subiri kidogo, mimi nafanya kazi—"

Akakata. Merle aligeuka kumtazama maana Arlette hakuwahi kumkatia mtu katikati ya neno.

"Sista? Umeona shetani?"

"Nyamaza, Merle."

Matokeo yalitoka wiki moja kabla ya uchaguzi. Asilimia sitini na nne ya wapiga kura watarajiwa wanaunga mkono kufungwa kwa majengo yale. Wagombea wawili ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa wakakubaliana siku hiyo hiyo kwamba yafungwe. Ijumaa Arlette alikwenda kula samaki kwenye baa ya mtaani kwao, kama kila Ijumaa, na jirani yake Lois Teske akamgusa bega huku anachukua kachumbari ya kabichi.

"Nimesikia habari za kule kwa Duane. Pole jamani. Lakini sitini na nne, Arlette. Watu wamesema."

"Watu gani?"

"Si wananchi?"

"Wewe ulipigiwa?"

"Nilipigiwa, tena na mdada mmoja mpole. Nilisema sana." Lois aliona uso wa mwenzake. "Sasa mimi ningejuaje kuwa ni kule? Walisema wamefungiwa."

Arlette alimwacha samaki mezani. Alimchukia Lois, na alimchukia mteja asiye na jina, na Trent na mfuko wake wa jibini. Lakini kila akihesabu watu wa kuwachukia alijikuta mwisho wa foleni anajisubiri mwenyewe.

Baada ya uchaguzi familia ziliitwa Willow Bend, kwenye ukumbi wa kulia chakula. Mwanamke kutoka idara ya jimbo, mwenye suti nadhifu, aliwasomea kwamba makao yatafungwa, kwamba ni kwa faida ya wakazi, na kwamba wananchi wa Wisconsin wenyewe wametaka hivyo. Akataja sitini na nne.

Ray alikuwa amesimama ukutani na aproni yake. "Wananchi wapi?" alisema. "Mimi hapa walinipigia. Mwanamke mmoja, Ann sijui nani. Aliniuliza kama nitapiga kura, nikamwambia kweli, akanikatia. Miaka ishirini na mbili nipo humu, jamani. Nilitaka kumweleza huyo mama, akanikatia kama nimemtukana."

Watu walinung'unika. Mwanamke wa idara alisema anaelewa hisia zake. Arlette aliinuka.

"Ann ni mimi, Ray."

Alidhani atacheka, maana wao walikuwa watu wa utani. Ray alimtazama kana kwamba anajaribu kuilinganisha sauti na uso.

"Wewe? Ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

"Ukakata."

"Ulisema nusu kwa nusu. Kanuni ni kwamba—"

"Ungeandika nitapiga. Kitu kidogo tu, Arlette."

"Ingekuwa uongo."

"Na hao wengine wote walisema kweli?" Hakupandisha sauti. "Nilipata wa kunishikia zamu, kwa taarifa yako. Nilipiga kura."

Akarudi jikoni. Arlette alibaki amesimama katikati ya ukumbi hadi mtu mmoja alipomvuta mkono akae. Jumatatu hakwenda kazini, wala Jumanne, na Trent alipopiga simu kumuuliza kama atarudi, alimjibu, "Hapana," akakata. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kulitoa jibu lake mwenyewe kwenye simu.

Haikumsaidia kitu. Februari Duane alihamishiwa Eau Claire, mwendo wa saa tatu kwa gari kwenye theluji, chumba kimoja juu ya duka la matairi. Rangi ilikuwa mpya na televisheni kubwa. Kijana mmoja mwenye simu mkononi alisema Duane alipiga kelele siku tatu na sasa ametulia, kwa kuwa wamempa vidonge. Arlette alikuwa amemletea taulo sita kutoka nyumbani. Duane alizipokea, akaziweka kitandani, hakuzikunja.

"Ray yuko wapi?" aliuliza.

Ray alikuwa Appleton, anatafuta kazi ghalani, na hakuwa amepokea simu ya Arlette hata moja tangu Novemba.

"Yuko zamu," Arlette alisema, kwa sauti laini, safi, isiyo na rangi. "Anakuja kesho."

Duane alimwamini. Alikaa ukingoni mwa kitanda akageukia mlango, akaanza kusubiri.