Magunia Sita ya Ndengu

Mama Mbula wa Rukanga anaendesha pikapu yake mwenyewe, na tangu mumewe afariki ndiyo inalisha nyumba. Mwaka jana injini ilikufa. Alikaa miezi akiuza mbuzi mmoja mmoja, mpaka fundi Nzuki wa Voi akamfungia injini mpya.

Nzuki alimwonya mbele yangu. "Kilomita elfu moja za kwanza usiikimbize wala usiibebeshe. Vyuma bado havijazoeana."

Mbula alishika neno. Alitambaa barabara ya Kasigau gari likiwa tupu, watu wakimcheka.

"Mama, umebeba maiti?"

"Kobe amekupita!"

"Kobe ana injini ya Mungu," aliwajibu. "Hii ni ya Nzuki, inataka adabu."

Mimi ni mzee wa kutembea tembea, na mara nyingi alinibeba bure. Basi ndovu walipoingia shamba la jirani, nikamwendea kumwombea dada yangu Wakesho, ndengu zake zifike Voi kabla hazijaliwa. Mbula alifikiria sana. Katika zile elfu moja za Nzuki, zilibaki kilomita mia nne.

"Magunia mawili, mzee. Kwa sababu ni wewe."

Tulipofika, akaingia kwa Wakesho kunywa chai. Mimi na jirani Mulei tukapakia sita, tukafunika turubai.

Kwenye mchanga gari lilianza kulia. "Mbona inavuta kwa shida hivi?" akauliza.

"Ni mchanga huo, mama," nikamwambia.

Tulifika Voi rejeta inachemka. Alipokimbilia maji, nikaita wapagazi tukashusha yote haraka, asione.

Tangu siku hiyo pikapu inatoa moshi wa buluu na kunywa oili. Mbula alienda gereji akamtolea Nzuki maneno mbele ya wateja. "Umenifungia takataka! Mwizi wewe!" Nzuki alisema tu, "Mama, hiyo injini ilikuwa nzima." Nilikuwa hapo, kikombe cha chai mkononi. Sikufungua mdomo.

Miezi mitatu nimepita nje ya gereji ile. Kwanza magari yalipungua, halafu nikamkuta Nzuki amekaa juu ya tairi, mchana, hana kazi. Akanisalimia vizuri. Salamu ile ilinikosesha chakula.

Jumatatu nilimkuta Mbula stendi, anaongeza oili.

"Mama, yalikuwa sita."

"Sita nini?"

"Magunia."

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Akafunga boneti polepole.

"Ingia. Mimi nilimtukana mbele ya watu, na wewe utasema mbele ya watu."

Pale gereji nikasema yote, kofia mkononi, wenye maduka wakisikiliza. Mbula naye akasema, "Nzuki, nisamehe." Mimi nilimwomba pia.

Nzuki alipangusa mikono, akanipa mgongo, akamwambia Mbula, "Iwashe nisikie."