Springi za Kumkomesha Mshenga

Yule mzee nilimchukia, na sioni haja ya kulificha leo ati kwa sababu nimezeeka. Alikuwa mshenga, esigani kwa lugha yetu, mtu anayetumwa na watu wa msichana kuchunguza kama ukoo wa mchumba una uchawi, wizi au kifafa. Miaka ile ya sitini nilikuwa bwana shamba, nikizunguka vilima vya Nyamira kwa pikipiki kuwafundisha watu kupanda majani chai, na nilikuwa nimeposa msichana wa upande wa Ekerenyo.

Pikipiki yangu ilikuwa imechoka. Shoki za nyuma, zile nguzo mbili zinazobeba kiti kwa springi na oili, zilikuwa zimevuja hadi zikakauka. Kila shimo lilinigonga uti wa mgongo, na kwenye kona mkia ulicheza upendavyo. Siku moja, nikiteremka karibu na kwao msichana, gurudumu la nyuma liliruka mtaro, likatua, likaruka tena. Nikabwagwa chini. Niliuma ulimi, nikalala pale nikitokwa na povu lenye damu, mwili wote ukitetemeka kwa maumivu. Na nani alikuwa akipita njia hiyo? Mshenga.

Hata kuniinua hakuniinua. Alikwenda moja kwa moja kwa baba wa msichana akasema nina kifafa. Posa ikakataliwa, na baada ya mavuno ng'ombe wa mtu mwingine wakaingia boma lile. Nikajiapiza kwamba huyo mzee atanitambua. Ningemfanya ayafute maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu wale wale.

Fundi mmoja wa Kisii mjini alinifungia shoki za pikipiki kubwa zaidi, akamwaga oili ya uma unaoshika gurudumu la mbele, akatia nzito. Mwanzoni zilikuwa ngumu kupita kiasi. Nikiwa peke yangu nilirushwa kama punje ya mahindi kikaangoni. Akalegeza pete ya springi, nikajaribu, akalegeza tena. Mara ya tatu nilifika Sironga nikashuka bila kushika kiuno. Nilipofunga breki, pua haikuzama, na kwenye kona ilikwenda pale nilipoielekeza. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa ya chuki. Nilikuwa nikimfikiria yule mzee tu.

Nilimpata sokoni Ekerenyo. "Mzee, panda nikufikishe," nikamwambia kwa heshima zote. Kabla hajapanda niliikaza pete kidato kimoja, kwa ajili ya uzito wa wawili. Kisha nikashika mteremko ule ule, mbio. Alinikumbatia kiuno, akamwomba Mungu, akaniomba na mimi. Tukavuka mtaro. Springi zikabonyea, zikainuka mara moja, zikatulia.

"Umekiona kifafa?" nikamuuliza bila kupunguza mwendo.

"Sijakiona, mwanangu. Simamisha."

"Tutasimama kwao. Utawaambia ni springi zilizokufa zilizoniangusha."

Akawaambia. Alisimama uani mbele ya baba na mama, akasema alinisingizia bure, kwamba aliyekuwa mgonjwa ni pikipiki, springi zake zilikuwa zimekufa. Mimi nilibaki langoni nikisikia kila neno, na roho yangu ikashiba. Baba alijibu tu kwamba ng'ombe wa watu wameshazaa, mambo hayo yamepita.

Msichana mwenyewe alikuwa amekuja kumwona mama yake, mtoto mgongoni. Alitoka hadi langoni, akaitazama pikipiki kwa muda.

"Bwana Shamba, zile springi za zamani, ulijua zimekufa?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya posa."

"Sasa mbona hukuzibadilisha mapema?"

Nilitamani kumlaumu mzee tena, lakini yeye alikuwa ndani akipewa maji. Nikamwambia ukweli: nilinunua suti kwanza, ili nipendeze siku ya kuja kwao.