Godoro na gari nyekundu

Wakati watu walikuwa wanarudi Bunia baada ya vita na kupaka nyumba zao rangi upya, mimi nilipenda gari ya mashindano iliyotumika. Ilikuwa nyekundu, viti viwili tu, imekaa chini kama kuku anayeatamia. Mwenye kuiuza aliileta kutoka Ariwara, na mawe ya njiani yalikuwa yameikwangua tumbo lote. Sikujali. Nilitaka kwenda nayo kazini kila siku, majirani wageuze shingo.

Mama yangu akasema hatununui mpaka aipime mwenyewe. Nilidhani ataangalia moteri. Alikuja na godoro kichwani.

Kwetu, muntu aliyewahi kukimbia anajua kwamba godoro ndiyo ya kwanza kutoka nyumbani. Mama aliikunja, akaisukuma nyuma ya viti, ikakataa. Akaipandisha juu na kuifunga kwa kamba, ikafunika gari yote mpaka kwenye taa. Halafu akaniuliza bibi niliyemuoa na watoto wetu watakaa wapi.

Nikakasirika. "Mama, hii ni gari ya kwenda kazini, haiko ya kukimbia vita!"

Mwenye gari alicheka mpaka akatoka machozi. "Mama, vita si imeisha?"

"Ndiyo, imeisha," mama akajibu, huku anafungua kamba yake. "Hata ile ya kwanza iliishaka."

Yule akaacha kucheka. Alitusaidia kushusha godoro, kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama tunajua mahali wanauza kamioneti, gari ndogo ya kubeba mizigo.