Faulo ya Jumamosi ya Mwisho

Kila asubuhi Verlin Haske hushuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume. Huupa ukumbi kisogo, akashika ukingo kwa mikono miwili, akatanguliza mguu wa kushoto, na wa kulia ukaufuata papo hapo kwenye kipandio kilekile, hivyo hivyo mpaka chini. Magoti yake hayakubali njia nyingine. Mkewe Darlene, akiwa jikoni na mayai yake, huisikia ile mikanyago na kujua wakati wa kumimina kahawa.

"Anakuja huyo, kisogo mbele," alimwambia Annika Jumamosi ile.

Annika Prewitt alikuwa ameketi mezani na koti lake mwilini. Siku za kazi alikuwa kwenye maktaba ya mji, akigundisha vitabu vilivyochanika. Alhamisi na Jumamosi alikuwa refa wa mpira wa kikapu, mwaka wake wa pili katika ligi ya vyuo. Tangu Krismasi yeye ndiye aliyeendesha gari, kwa sababu goti la kulia la Verlin, refa mwenzake, lilikuwa limekataa safari ndefu. Hakuwa msemaji. Verlin naye hakuwa msemaji. Walikuwa wamevuka nusu ya jimbo la Indiana pamoja bila kujaza maneno ya ukurasa mmoja, na kila mmoja aliona wanaelewana sana.

Usiku ule theluji ilikuwa imeanguka, na Verlin, ambaye mshahara wake ulitoka idara ya barabara ya wilaya, alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kuendesha lori la kusukuma theluji. Alirudi, akajitupa kitandani, na sasa alikuwa anashuka mara ya pili. Macho yalikuwa mekundu.

"Umelala?" Darlene aliuliza.

"Nimefumba macho."

"Shati lako nimelipiga pasi. Wakikuita, mimi nakuja. Hata kama ni mbali kule Idaho."

"Wakiniita nitakwenda hata kwa magongo," alisema Verlin, akaketi taratibu kama mtu anayeweka mzigo wa vyombo vya udongo.

Hakuna aliyehitaji kuuliza waitaji ni akina nani. Ligi yao ilikuwa ndogo, vyuo kumi ambavyo majina yao hayajulikani ng'ambo ya jimbo la pili. Ligi kubwa hupeleka timu sita au saba kwenye mashindano ya taifa ya mwezi wa Machi. Ligi kama hii hufunguliwa mlango mmoja tu, na anayeupita ni yule atakayeshinda mashindano ya ligi yenyewe, wiki moja baada ya mechi za kawaida kumalizika. Aliyemaliza juu ya msimamo hupewa tuzo moja tu, nayo ni kubwa: mashindano hayo huchezwa nyumbani kwake. Vyuo viwili, Wexley na Tamarack, walikuwa wamelingana kileleni, na mechi yao ya mwisho ilikuwa ya wao kwa wao, siku hiyo, saa nane mchana, ukumbini kwa Wexley.

Lakini kulikuwa na mbio nyingine ambazo watazamaji hawakuzijua. Marefa nao hupewa alama. Makocha huwapa, na msimamizi wao huwatazama kwenye video, na wale bora huitwa Machi kuchezesha mashindano ya taifa. Verlin alikuwa na miaka ishirini na sita katika ligi na hakuwahi kuitwa. Kila Machi alitazama kwenye televisheni, mifuko ya barafu magotini. Aprili hii daktari angemfungua magoti yote mawili na kumwekea ya chuma, na alikwisha kumwambia wazi kwamba baada ya hapo kukimbia basi tena. Machi hii ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Alhamisi, Stroud, msimamizi wa marefa, alikuwa amempigia simu. "Jina lako limo," alimwambia. "Liko chini kabisa ya orodha, ila limo. Nipe mchezo mmoja mtulivu, Verlin. Mchezo ambao Jumapili hakuna atakayeuzungumzia."

Njiani Verlin alilala, paji la uso kwenye kioo.

Ukumbi wa Wexley ulikuwa umejaa mpaka kwenye njia za kupitia. Refa wa tatu, Rodell, alikwisha fika kwa gari lake na alikuwa ananyoosha misuli. Katika mstari wa kwanza, mahali pake pa siku zote, alikaa Bi Lorna Kettering, mama wa makamo aliyekuwa akioka pai za kuuza wakati wa mapumziko na kumtukana Verlin kabla na baada.

"Mzee Haske! Miwani umeiacha kwenye lori?"

"Nimeikalia, Lorna."

"Basi kalia na hicho kipenga! Darlene hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Msalimie sana. Mwambie ameolewa na kipofu!"

Watu wakacheka. Verlin alirusha mpira juu, na mchezo ukaanza.

Kwa muda mrefu ulikuwa mchezo aliouomba Stroud. Annika, akikimbia upande wa pili, alimwona Verlin akijikaza kila timu ziliporudi mbio, akichechemea hatua mbili kisha kuuficha mguu, mdomo umemkauka. Kocha Bannerman wa Wexley, mkongwe kuliko makocha wote wa ligi na ambaye alama zake Stroud alizisoma kwanza, alilalamika mara moja tu, tena kwa adabu. Wexley waliongoza, Tamarack wakafikia, wakapitwa, wakafikia tena. Zilipobaki sekunde chache, Wexley walikuwa mbele kwa pointi moja na mpira ulikuwa mikononi mwa Tamarack.

Kijana wao mdogo, wa mkono wa kushoto, alipenya katikati. Mbele yake aliruka Tobias Rennick wa Wexley, mtoto wa mji uleule, mwaka wake wa mwisho chuoni, ambaye picha yake ilibandikwa kwenye dirisha la kinyozi na la duka la dawa. Annika alikuwa upande wa mbali, na mgongo wa mchezaji mmoja mrefu ulikuwa umemzibia kila kitu. Aliona mpira ukipanda. Ukumbi mzima ulikata pumzi. Kelele za saa mbili zilikoma mara moja, kama mtu amefunga mlango, mpira ukagonga ukingo wa kikapu na kuanguka nje.

Kipenga kikalia.

Verlin alikuwa chini ya kikapu, ngumi juu, kidole cha mkono wa pili kikimwonyesha Rennick. Faulo. Rennick alifungua viganja vyote viwili na kuvionyesha kwa watu, kama wafanyavyo wote, wenye hatia na wasio na hatia. Ndipo kelele ziliporudi. Kanuni hazimruhusu refa kwenda kutazama video kwa jambo la namna hiyo, akishapuliza, amepuliza. Yule mdogo alitupa mitupo yake miwili, yote ikaingia. Wexley wakarusha mpira wa mbali, ukapotea. Vijana wa Tamarack wakarukiana katikati ya uwanja usio wao, na mashindano ya ligi yakahamia kwao.

Bannerman hakupiga kelele. Alimsogelea Verlin, akamwinamia sikioni, lakini Annika alikuwa karibu.

"Ungewaacha vijana waamue wenyewe, Verlin," alisema. "Na wewe ulikuwa umebakiza siku moja tu uitwe."

"Najua, Kocha," alisema Verlin.

Katika chumba cha marefa Rodell alifungasha vitu vyake harakaharaka. "Mimi nilikuwa mbali," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Sikuona kitu." Kisha akaona amesema vibaya, akamgusa Verlin bega na kuondoka.

Kati ya marefa kuna jambo ambalo Annika alifundishwa kabla hata ya kufundishwa pa kusimama. Kipenga cha mwenzako humuulizi. Uliona, hukuona, alipuliza yeye. Mkitoka uwanjani mnatoka na kipenga kimoja. Kwa hiyo alimfungia Verlin barafu magotini kwa plastiki bila kuuliza. Alikuwa ameitazama video kwenye simu yake, akiwa amesimama chooni. Ilionyesha migongo na mikono. Mkono wa Rennick ulikuwa karibu na kifundo cha mkono wa yule kijana, umegusa au haukugusa, hakuna ajuaye.

Simu ya Verlin ikaita. Alisikiliza muda mrefu.

"Ndiyo... Nimeelewa... Hapana, nisingeweza... Bannerman ana haki ya kusema anavyoona... Basi. Ahsante kwa kupiga mwenyewe, Stroud." Akaiweka simu kwenye benchi. "Wamemchukua mtu mwingine," alimwambia Annika. "Kijana mzuri. Ana magoti."

Annika aliokota taulo lililokuwa sakafuni akalikunja, ingawa halikuwa lao.

Mlangoni Bi Lorna alikuwa anawangoja. Alikuwa ameshika pai ndani ya kitambaa, macho yamemvimba. Mpwa wake ndiye aliyekuwa na hoteli ndogo njia ya kuingilia mjini, na vyumba vyote alikwisha viweka tayari kwa ajili ya mashindano.

"Miaka yote hii nakuita kipofu," alisema, "nilikuwa natania."

"Najua, Lorna."

"Leo sitanii."

Verlin akainamisha kichwa. Lorna alimsukumia pai kifuani. "Ya Darlene hiyo. Wewe usiionje."

Gari lilitoka mjini kati ya kuta za theluji chafu. Jua lilikuwa bado juu kidogo, limefifia, na mashamba ya mahindi yalikuwa mabua tu mpaka macho yanapokoma. Basi la Tamarack liliwapita likipiga honi. Kijana mmoja alikuwa ametoa mkono dirishani akiupungia ulimwengu. Verlin alishusha kizuia jua kama anayesumbuliwa na mwanga. Pai ilikuwa mapajani pake, juu ya barafu, na gari zima lilinukia tufaha na mdalasini.

Alimpigia Darlene. "Haitakuwa Idaho," alisema.

Sauti ya Darlene ilisikika nyembamba ndani ya simu. "Haya. Nimeipika ile supu ya maharage."

"Lorna amekuletea pai."

"Ya nini?"

"Tufaha."

"Basi njoo nayo nzima."

Verlin alicheka kidogo, akakata, akaegemeza kichwa. Annika alidhani amelala. Alikuwa amechoka mchoko ambao mtu huuona hata kwenye masikio yake. Annika alimfikiria akiamka kesho alfajiri kwenda kwenye lori, kwa maana mawingu ya magharibi yalikuwa yameanza kujaa, na akamfikiria Machi, mbele ya televisheni, watu wengine wakikimbia. Angeweza kutopuliza. Mpira ulikuwa umekwisha toka nje, muda ulikuwa unaisha, hakuna mtu ambaye angemlaumu. Hata kocha wa Tamarack angelalamika siku mbili tu na kusahau. Annika mwenyewe, katika nafasi ile, na mwito ule mbele yake, hakujua angefanya nini. Ndiyo maana swali lilimfuata tangu ukumbini, na ndiyo maana, yeye aliyefundishwa asiulize na ambaye kwa maumbile yake hakuwa muulizaji, aliuliza.

"Mzee Verlin," alisema, macho barabarani. "Uliiona?"

Verlin hakuwa amelala. Aliishika pai kwa mikono miwili isiteleze, mpaka walipolipita ghala la nafaka na reli.

"Hapana," alisema. "Niliisikia. Kiganja kwenye mkono, pa. Kuona sikuona."