Gorogoro Mbili za Omena

Enzi zetu, tulipokuwa wadogo pale Nyalenda, wali tulikula Jumapili tu, na mchele wake haukununuliwa. Mama alikuwa akianika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, na kila Jumapili asubuhi tulizibeba hadi soko la Kibuye, ambako rafiki yake, Mama Anyango, alitujia na mchele kutoka Ahero. Gorogoro moja ya mchele kwa gorogoro mbili za omena. Gorogoro, kwa vijana wa leo mnaopimiwa kila kitu kwa mzani, ni mkebe wa kilo mbili. Wachuuzi wajanja waliugonga chini ukabonyea ndani ili kipimo kipungue. Mkebe wa Mama haukubonyezwa, na juu yake aliongeza nyongeza mpaka omena zikamwagika. Pesa zilikuwepo, za karo na za mafuta ya taa, lakini kati ya wale wawili sikuwahi kuziona.

Jumapili moja Mama alienda matanga, akaniachia omena zote. Nilikuwa na miaka kumi. Akaja mwenye hoteli mmoja, akazitaka zote kwa pesa taslimu, bei nzuri kuliko nilivyowahi kusikia. Nikauza. Nilizifunga noti kwenye ncha ya leso kama mama mzima, nikajiona nimeerevuka.

Mama Anyango alipofika, jasho likimtoka, gunia letu lilikuwa tupu. Nilimnyoshea zile noti. Hakuzigusa.

"Pesa ni ya watu hawajuani," alisema. "Mimi na mama yako tunajuana. Mwambie atanipea omena wiki ijayo."

Akanipimia mchele wote, akaondoka mikono mitupu. Niliona aibu hadi nikashindwa kumaliza andazi nililokuwa nimejinunulia. Mama hakunichapa, ingawa nilikuwa nimejitayarisha. Alisema tu kwamba dawa ya deni ni kulipa, akaanza kuanika omena nyingine.

Wiki hiyo mvua ilinyesha mfululizo, na Jumapili Mama Anyango hakuja. Tukasikia Ahero imefurika. Majirani walimshauri Mama angoje maji yapungue. Jumatatu alijitwika gunia, tukapanda basi mpaka pale barabara ilipoishia majini, kisha tukatembea, maji yakinifika kiunoni.

Tulimkuta Mama Anyango katika darasa la shule iliyokuwa mwinukoni, yeye, watoto wake na kuku wawili. Mpunga wake wote ulikuwa chini ya maji. Mama alimpimia omena zake, akaweka nyongeza, kisha akamwachia gunia zima.

"Mchele utanipea ukivuna," alimwambia.

Wao hawakulia. Mimi ndiye niliyelia. Mavuno yaliyofuata, mchele ulikuja.

Siku hizi mwanangu huagiza mchele kwa simu akiwa amelala kitandani, na kabla sijavaa viatu pikipiki iko mlangoni. Sitasema uongo, ni raha. Yale magunia yaliniumiza shingo. Tunalipa, tumemalizana. Nilipomsimulia habari hii aliniuliza kwa nini Mama Anyango hakututumia tu namba yake tumlipe kwa simu. Nilicheka sana.

Lakini mvua ikikaza upande wa Kano, kule iliko Ahero, bado husimama dirishani. Ahero ikifurika leo, sina mtu wa kumpelekea omena.