Bunduki kwa Kaka, Risasi kwa Dada

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, nami nilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Kasuku, hapa Kindu, natwanga sombe, majani ya muhogo. Nakusimulia kwa sababu juzi uliniambia kwenye simu, tena kwa furaha, kwamba huko Amerika umenunua bastola na unaiweka kwenye droo karibu na kitanda. Nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikosa pa kuanzia.

Basi naanzia kwa babu yako. Baba yangu alikuwa mwindaji wa upande wa Lokandu. Alikuwa na bunduki moja kuukuu, kitako kimefungwa kwa waya wa shaba, na bunduki hiyo ilitulisha sote. Alipozeeka alituita, mimi na mjomba wako Ramazani. Bunduki akampa Ramazani. Risasi akanipa mimi. Nilicheka, nikamwuliza mwanamke atazifanyia nini. Yeye hakucheka. Alisema kwao ndivyo ilivyokuwa tangu kwa baba yake: bunduki kwa kaka, risasi kwa dada, katika nyumba mbili tofauti. Anayetaka kuwinda aende kwa dada yake. Dada amwulize, “Nyama gani?” Kaka ataje mnyama na msitu anaokwenda, kwa sauti, ndipo apewe. Akija na hasira za nyumbani kwake, asipewe risasi. Apewe chakula.

Nikaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, ndani ya pumba za mpunga ili zisipate unyevu. Kwa miaka Ramazani alikuja, nikauliza, akajibu: ngulube, yaani nguruwe mwitu, mboloko, yule paa mdogo wa msituni, nyani. Aliporudi, ini lilikuwa langu. Usinicheke, nililipenda sana ini lile.

Kisha vita vikatufikia. Asubuhi moja watu wenye silaha waliingia mtaani kwetu, wakamchukua baba yako awabebee mizigo. Alikuwa fundi wa baiskeli, mabega mapana, unayafahamu, maana ndiyo uliyorithi. Nilibaki na mimba yako na vyuma vya baiskeli za watu vimetawanyika uani. Hatukujua yuko wapi, wala kama yu hai.

Mtaani maneno hayakukawia. Watu walisema kuna mtu aliyewaonyesha wale askari nyumba yetu, na kidole kikaelekezwa kwa jirani yetu, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, aliyeuza chumvi, sabuni na maharagwe. Kwa nini yeye? Kwa sababu askari walitoka mashariki, naye alitoka mashariki. Ushahidi ulikuwa huo tu. Nami niliuamini, mwanangu. Nilipopita mbele ya duka lake nilitema mate, naye aliniona.

Sasa turudi kwenye siku ile ya sombe. Ramazani aliingia uani na bunduki imefunikwa kwa gunia. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Dada, unipe masasi.”

Nikaenda ndani nikachukua kopo. Nikamwuliza kama nilivyofundishwa, “Nyama gani?”

Akajibu, “Kambale.”

Ndiyo, Kambale huyo huyo, jirani yetu mwenye duka. Mkwe wako, baba yake Kahindo, mke wako. Kama umesimama, tafuta kiti.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kifuniko. Sitakudanganya, nilitaka kumpa. Nilimchukia mtu yule kuliko Ramazani alivyomchukia, kwa kuwa mume alikuwa wangu. Lakini katika maisha yangu yote, baada ya swali lile nilikuwa nimesikia majina ya wanyama. Sasa nilisikia jina la mtu anayefungua duka lake asubuhi na kuniambia, “Jambo mama, umelala muzuri?” hata baada ya mimi kumtemea mate. Jina lile halikukaa vizuri sikioni. Nikaogopa, nikakikaza kifuniko.

“Kambale haiko nyama,” nikamwambia. “Iko muntu.”

“Njo yeye alionyesha basoda nyumba yako! Bwana yako iko wapi leo?”

“Sijue. Lakini baba hakuniachia masasi ya watu.”

Akanijia. Alikuwa na nguvu, angeweza kuninyang’anya. Nikakaa chini palepale kwenye matope, kopo mapajani, kitenge juu yake, na tumbo langu juu ya kitenge. Ingembidi amsukume dada yake mwenye mimba ili alipate. Alisimama mbele yangu akihema. Halafu akaketi, naye kwenye matope, akalia kama alivyokuwa akilia tulipokuwa watoto. Nikampakulia wali. Alikula akiwa amenipa mgongo, akaondoka bila kuaga, na baada ya hapo hakukanyaga kwangu kwa muda mrefu.

Baba yako alirudi wakati watu wanavuna mpunga. Aliwatoroka huko karibu na Obokote, akatembea msituni mpaka nyumbani, amekonda, mabega yamejaa vidonda. Alipopata nguvu nikamwuliza ni nani aliyewaonyesha nyumba yetu. Alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa swali.

“Hakuna muntu alionyesha. Nilikuwa mu barabara, njo walinikamata.”

Ni hivyo tu. Alikuwa barabarani.

Ramazani aliposikia, alikwenda moja kwa moja dukani kwa Kambale. Alikusudia kuomba msamaha. Mwishowe akanunua sabuni. Kuanzia siku ile hakununua sabuni mahali pengine, hata mke wake akawa analalamika kwamba nyumba imejaa sabuni kuliko unga. Mimi nilikwenda kumwomba Kambale msamaha kwa yale mate. Akasema alidhani nina kichefuchefu cha mimba. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisitiri.

Siku ya harusi yenu mjomba wako alilia kuliko mama yake Kahindo, na watu wakadhani amekunywa. Sasa unajua. Alipokuwa mgonjwa, kabla Mungu hajamchukua, alinishika mkono akasema, “Dada, aksanti juu ya ile siku. Mutoto sasa iko muntu mukubwa, umuambie.” Namshukuru yeye kwa kutonisukuma. Namshukuru baba yangu kwa kunipa kopo ambalo sikulitaka. Na Mungu namshukuru kila nikiwasikia wewe na Kahindo kwenye simu mnagombania nani aongee nami kwanza.

Sasa, uliniambia habari za jirani yako wa huko, mzee anayewaondolea theluji mlangoni na ambaye ukutani ametundika bunduki ya babu yake. Sitamsema vibaya mtu anayewatendea wema wanangu. Uliniambia pia kwamba huko bunduki ni jambo la mtu binafsi, na kumwuliza anaitakia nini ni kukosa adabu. Hapo ndipo tunapoachana. Kwetu, kuuliza ndiyo ilikuwa adabu yenyewe. Hata hapa Kindu siku hizi nawasikia vijana wa pikipiki wakisema kila mtu angekuwa na yake, tungeheshimiwa. Huwa nawaacha wamalize, halafu nawauliza: na siku ambayo wewe ndiye umekosea mtu, nani atakuzuia? Wanawasha pikipiki zao.

Sikuamuru uiuze. U mtu mzima, na nchi ile siijui. Lakini mjukuu wangu ameanza kutambaa, na droo iko chini. Zitoe risasi humo leo, kabla hujalala. Mpe Kahindo. Aziweke anapojua yeye, mbali na bastola. Siku ukizitaka, akuulize, nawe umjibu kwa sauti, ukimtazama. Ukijisikia aibu kulitamka jibu lako mbele yake, basi kaa, ule kwanza. Na umwambie kwa nini nimemchagua yeye. Nilipokaa matopeni na kopo lile, Kahindo alikuwa bado hajazaliwa; kama ningelifungua, asingezaliwa kamwe.

Mungu akulinde, mwanangu, na akulindie wote wanaolala chini ya paa lako. Akupe riziki isiyo na machozi ya mtu. Na jirani yako mumpelekee wali siku moja, mle naye, mwambie ni mama wa Kindu anayemsalimu.